Mzee wa Shoka Yuko Nyuma ya Merikebu

Kaka yangu ni fundi makochi, na ukimkuta kazini utaapa kwamba hawezi kusema neno. Mdomo umejaa misumari midogo upande wa kushoto. Ulimi unausukuma mmoja hadi kwenye midomo, anauchukua, anaugonga kwa nyundo, kisha mwingine. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Misumari. Lakini Misumari husema. Husema na misumari ikiwa humo humo, kutwa nzima, na sijawahi kusikia amemeza hata mmoja, ingawa mimi mdogo wake nimemwombea mara kadhaa ameze walau mmoja ili anyamaze.

Karakana yake ni sebule yetu. Ukifungua mlango wa mbele unapokewa na kochi la mtu lililopinduliwa miguu juu, springi zimetoka nje, sponji limeegemezwa ukutani, vitambaa vimerundikwa chini ya dirisha. Katikati ya vurugu hiyo kuna kochi moja ambalo halijawahi kuguswa na nyundo tangu tulipolinunua, maana mganga hajigangi. Limebonyea katikati hadi ukilikalia magoti yanakaribia kidevu. Hilo ndilo kochi la mama, na mbele yake kuna televisheni.

Mama alikuwa haoni. Si giza kabisa: alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa anaishi ndani ya maziwa, kama alivyosema mwenyewe. Dirisha aliliona kama weupe, mtu mlangoni kama weusi, basi. Hata hivyo televisheni hakuiacha, na katika vyote vilivyomo alivipenda zaidi vile ambavyo bila macho havina maana: filamu za mapanga. Wapanda farasi waliovaa chuma, makasri, majoka, na zaidi ya wote wale Waviking wa bahari ya baridi, ambao yeye aliwaita watu wa makasia.

Mimi nilikuwa siziwezi filamu hizo, na nitasema kwa nini. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na mtu anayekanda unga wa watu wengine hufundishwa kwanza kabisa kuoga. Wale mashujaa hawaogi. Nywele zimegandamana, meno ni ya kutisha, na bado wanawake wanawaangukia vifuani. Wale wa nguo za chuma sijui wakibanwa na haja wanafungulia wapi. Shujaa mmoja anazungukwa na maadui kumi, halafu wale tisa wanasubiri zamu yao ya kuuawa kwa adabu, kama foleni ya benki. Na wakila ni nyama, nyama, nyama. Hakuna mtu katika ufalme wote ule aliyewahi kuona mboga ya majani.

"We binti," mama angeniambia, "hao wanapigania nchi. Wewe unawatafutia sabuni."

Yeye alikuwa na maoni mazito kuliko yangu. Wale wa nguo za chuma aliwaona wana maneno mengi: mtu anataka kumpiga mwenzake, kwanza anapiga magoti, anaapa, anahutubia, mpaka farasi anachoka. Tena wafalme wao hawasalimiani. Mtu anaingia kwa mwenzake baada ya vita vya miaka saba, hamuulizi hata habari za nyumbani. Katika hadithi zao zote alipenda moja tu, ya upanga usiotoka alani mpaka mwenye kuushika aseme ukweli alioficha. Shujaa anauvuta, upanga umegoma, adui huyo anakuja, na yeye bado anang'ang'ania uongo wake. Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Wangeupeleka bungeni upanga ule," alisema, "nchi ingekaa bila jeshi."

Lakini watu wa makasia aliwaheshimu. Alisema mtu anayevuta kasia hawezi kujidai, kwa sababu chombo hakiendi kwa nguvu za mmoja.

Sasa utauliza, mama aliyapata wapi yote hayo na macho yamejaa maziwa? Aliyapata kwa Misumari. Kaka alipiga nyundo huku amegeuzia televisheni mgongo, na kwa sauti yake ile inayopita kati ya misumari alimsimulia mama kila kinachoonekana. Lugha ya filamu alijua nusu. Maandishi ya chini hakuyasoma, maana macho yalikuwa kwenye kitambaa. Aliinua kichwa mara moja moja, akadaka picha, akarudi kwenye kochi la watu, na kile alichodaka akakiumua, kama sisi tunavyoumua unga kule kiwandani.

"Wamefika?" mama anauliza.

"Wanakaribia. Ukungu mtupu, mama, huoni kitu. Kwanza kinatokea kichwa cha joka, cha mti, kimechongwa meno. Halafu makasia. Yote yanainuka pamoja, yote yanashuka pamoja. Hakuna anayesema. Unasikia?"

"Nasikia maji."

"Ndiyo hao."

Siku moja nilirudi kutoka kazini, nikasimama mlangoni na mfuko wangu wa mikate, nikawaangalia. Kwenye kioo kulikuwa na chombo kimoja na watu kama ishirini waliolowa. Katika sauti ya kaka kulikuwa na bahari nzima. Mama alikuwa amekaa wima kwenye kochi lile ambalo halimkalishi mtu wima, mikono imefumba hewa, anavuta kasia. Mimi, mpinzani wa mapanga, nilisimama pale mpaka bega likauma, na sikuthubutu kupita mbele yao kwenda jikoni.

Yote hayo yalianza mwaka uliofuata kifo cha baba. Baba alikuwa fundi bomba, mtu mnene, mpole. Aliugua asubuhi, tukampeleka hospitali, akafariki kabla ya jua kuzama. Kaka alikuwa safarini, amepeleka makochi ya mteja mji wa mbali, na mvua ilikuwa imekata barabara. Alipofika, tulikuwa tumeshazika. Hakulia. Alivua viatu mlangoni, akauliza kochi la mteja wake mwalimu liko wapi, akaingiza misumari mdomoni. Watu walisema huyo ndiye mwanamume. Hata mimi nilisema.

Katika tamthilia moja ndefu ya watu wa makasia kulikuwa na mkuu wao, ambaye jina lake lilitushinda, tukamwita Mzee wa Shoka. Mama alimpenda huyo kupita wote. Kaka alijua kumsimulia. Kabla Mzee wa Shoka hajatoa neno zito, kaka alikohoa kidogo, mara moja, halafu akatoa neno. Nilidhani ni vumbi la sponji. Mzee wa Shoka akiingia ukumbini, mimi ninayeona nilimwona amejitupa kwenye kiti chake cha enzi kama gunia, lakini kaka angesema: "Amekishika kiti. Anakitikisa kwanza. Haya, amekaa." Nikacheka kimoyomoyo kwamba fundi makochi hata katika vita anakagua miguu ya viti. Na Mzee wa Shoka wa kaka hakumpigia mtu kelele. Alingoja ukumbi unyamaze wenyewe.

"Huyu mtu," mama alikuwa akisema, "hata mimi ningepanda merikebu yake."

Kisha Mzee wa Shoka akafa.

Ilikuwa mchana, nipo, naangalia. Alichomwa mkuki akiwa anamwokoa mwingine, wakamlaza kwenye merikebu juu ya kuni, wakaisukuma majini, na kijana mmoja akarusha mshale wenye moto. Kaka alikuwa amepiga goti nyuma ya kochi la daktari wa meno, anashona mkono wa kochi hilo.

"Mbona wanalia?" mama akauliza. "Misumari! Mbona wanalia hao?"

Kaka akainua kichwa. Aliutazama moto ule. Nyundo ilibaki hewani.

"Wana hofu," akasema hatimaye. "Mzee wa Shoka ameumia. Lakini amepona."

"Amepona?"

"Amepona, mama. Wanamfunga kidonda."

Mama akashusha pumzi, akajifuta uso kwa khanga. Mimi nilifungua mdomo. Kaka akanitazama, nikaufunga.

Kaka alipokwenda jikoni nilimfuata, moto umenipanda kichwani. "Umemfufua mtu! Wamemchoma kabisa, amebaki majivu, wewe unamfunga kidonda?"

"Mama alizika mume juzi tu," kaka akaniambia, taratibu. "Unataka azike na huyu?"

Nikakata mkate.

Uongo, ukishaupa chakula, unataka na kitanda. Tamthilia iliendelea, msimu baada ya msimu, na marehemu ikabidi atafutiwe mahali pa kukaa. Wanawe walipovamia miji, mama akiuliza mzee yuko wapi, kaka alijibu: "Yuko nyuma ya merikebu, anakula." Walipogombana wao kwa wao: "Yuko hemani, amewaacha wakue." Walipotawanyika kila mmoja na nchi yake: "Anakohoa pale kwenye kona, hasemi kitu, anawaangalia tu."

"Siku hizi anakula sana huyu," mama alisema.

"Uzee, mama."

Hapo ndipo walipokuja madaktari wa macho kwenye hospitali yetu. Walimtazama mama, wakasema ni upasuaji mdogo, jicho moja, kisha la pili, na ataona. Mama alirudi nyumbani amenishika mkono kama msichana anayetoka dansini.

"Nitawaona wanangu," alisema. Akakaa, akazama kwenye kochi lake, akatabasamu kuelekea kwenye televisheni iliyozimwa. "Na Mzee wa Shoka nitamwona kwa macho yangu."

Kaka alijipiga nyundo ya kidole. Fundi wa miaka yote ile.

Tangu siku hiyo kaka akawa bingwa wa visingizio. Mara kuna kochi la harusi haliwezi kungoja. Mara mvua. Mara kasikia kwa mtu kwamba macho yakipasuliwa msimu wa vumbi yanaoza. Mama alimwamini, kwa sababu ni mwanawe wa kwanza. Mimi nilihesabu mama alikuwa akijigonga wapi: mlango wa jikoni, ngazi ya nje, pembe ya meza. Siku alipojimwagia chai ya moto mapajani, nilimtoa kaka nje mpaka barabarani.

"Unamnyima mama macho yake kwa ajili ya Mzungu aliyechomwa moto!"

"Akijua nilimdanganya..."

"Atakupiga. Umeshapigwa sana, hukufa."

"Si hivyo," alisema, akaangalia pembeni. Midomo ilikuwa haina misumari na bado maneno hayakupita. "Wewe huelewi. Akiona, ndiyo basi. Amekufa."

"Kwani hakufa?"

Nilimwona mjinga, tena mjinga mkaidi, na kesho yake niliomba ruhusa kazini nikampeleka mama mimi mwenyewe.

Jicho la kwanza lilipofunguliwa mama aliitazama mikono yake, akaigeuza, akasema, "Hii ya nani?" Jicho la pili lilipopona alirudi nyumbani na kutukagua kama mwenye nyumba anayekabidhiwa ufunguo. Mimi aliniambia nimekonda. Kisha akamshika kaka mashavu. "Mwanangu, mvi zote hizi umezitoa wapi?" Halafu akaona lile kochi. Alilitazama muda mrefu. "Na hili ndilo mlilonikalisha? Fundi mzima! Hamna haya?"

Tulicheka sana. Kaka alicheka kwa mdomo tu.

Kisha mama akasema tuwashe televisheni. Kutoka mwanzo kabisa, sehemu ya kwanza, maana sasa anaangalia mwenyewe. Kaka alijaza misumari mdomoni, akapiga goti nyuma ya kochi la mteja, nikaona kitambaa amekigeuza ndani nje.

Mama aliangalia. Sijui nikuelezeje alivyoangalia. Theluji ilipoonekana juu ya milima alishika mkono wangu akaubana. "Kumbe ni nyeupe namna hiyo. Alisema nyeupe, lakini namna hiyo!" Ukungu ulipofunguka na kichwa cha joka kikatoka, na makasia yakainuka yote pamoja, machozi yalimtoka yale macho mapya, nami nikaogopa yataharibika. "Ni kama alivyosema," alinong'ona. "Makasia ni kama alivyosema." Nilikuwa nimeyaona makasia yale mara nyingi. Siku ile, nikiwa nimeketi kando ya mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza, niliona ni jambo kubwa mno kwamba watu wawe wamewahi kupanda kijiti kama kile, juu ya bahari kama ile, wasijue ng'ambo kuna nini.

Wakaingia ukumbini. Mtu mwembamba mwenye macho ya bluu na shoka kiunoni akapita katikati ya wenzake, akajitupa kwenye kiti.

"Sasa yuko wapi?" mama akauliza.

"Nani?"

"Mzee wa Shoka."

"Si huyo hapo, mama. Aliyekaa."

Mama akasogea mbele. Alimtazama yule mtu, akamtazama, mpaka picha ikabadilika ikarudi kwake tena.

"Siye," akasema.

"Ndiye, mama. Shoka hilo hapo."

"Nakwambia siye. Huyu simjui. Wangu ni mtu mnene, ana mabega ya kubeba mzigo. Hapigi kelele. Akitaka kusema anakohoa kwanza, mara moja. Na hawezi kukaa kwenye kiti kabla hajaki..."

Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa hewani, umeshika mgongo wa kiti kisichokuwapo, unakitikisa.

Baba aliwahi kuanguka na kiti, zamani, sisi wadogo, mbele ya wageni. Tangu siku ile hakuketi popote, nyumbani wala ugenini, bila kukishika kiti na kukitikisa kwanza. Nilikuwa nimeliona hilo maisha yangu yote, na nilikuwa nimelisikia kwa miaka kutoka nyuma ya makochi ya watu, na nikadhani ni mambo ya ufundi. Nikadhani kile kikohozi ni vumbi.

Nilizima televisheni. Nyundo ilikuwa imenyamaza. Kaka alikuwa bado amepiga goti, na nilimwona anatema misumari kiganjani, mmoja mmoja, mpaka mdomo ukabaki mtupu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Naapa kwamba hata yeye alikuwa hajui. Alimdaka baba hewani bila kutazama, kama alivyodaka kila kitu, akampandisha merikebuni, akamhifadhi huko nyuma anakula, miaka yote ile, ili asishuke.

"Njoo hapa," mama akasema.

Kaka akaja, akakaa chini, mgongo kwenye kochi lile bovu, kati ya magoti ya mama.

"Yule mwembamba, alikufa?"

"Alikufa," nilijibu mimi. "Zamani."

"Sikuulizi wewe. Na wangu?"

Kaka alitikisa kichwa. Alijaribu kusema, sauti ikakataa.

"Upanga umegoma alani?" mama akamuuliza, kwa upole kabisa, na mkono ukapita juu ya mvi zake. "Mimi nilimzika, mwanangu. Nilikuwapo. Wewe hukuwapo. Nisimulie."

Basi akasimulia. Bila picha, bila nyundo, mchana mweupe, jua limeingia dirishani mpaka kwenye vitambaa. Alisema Mzee wa Shoka ameugua asubuhi, na mwanawe mkubwa yuko ng'ambo, na bahari imefunga njia. Akasema mwana amevuta kasia peke yake, mikono imechubuka, na amefika. Akasema wamemngoja. Merikebu iko ufukoni, imetandikwa kuni kavu na juu yake kitambaa kizuri, kile chekundu kizito ambacho hakuna mteja aliyewahi kukimudu. Watu wote wa makasia wamesimama kimya, kwa sababu huyu hakuwahi kuwapigia kelele. Sauti ya kaka ilikatika, ikarudi, ikakatika, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya sponji na springi, nimejiziba mdomo, nikiona kila kitu.

"Wanamlaza sasa," akasema.

"Mmeitikisa kwanza?" mama akauliza.

Kaka alianza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yote, kama mtoto.

"Nimeitikisa mimi mwenyewe, mama. Imara. Haina hata mlio."

"Basi isukume."

Kaka akapiga magoti pale sebuleni, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yake, akaisukuma.